Riwaya za kutisha na kioo cha mganga

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu msomaji, leo nataka nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lisilostahiki kupewa nafasi katika ukurasa huu. Nazungumzia riwaya za kusisimua na za kutisha ambazo vijana wetu, na si vijana peke yao, wanazisoma kwa wingi. Zamani zilikuwa vitabu vya jalada laini vilivyotembezwa mkononi kwenye stendi za mabasi. Baadaye zikahamia katika magazeti ya kila wiki, yakikata hadithi vipande vipande ili ununue na toleo lijalo. Siku hizi zinauzwa kwa simu: sehemu ya kwanza bure, ya pili mpaka utume fedha. Mimi ni msomaji wa hadithi hizi tangu utotoni na sijaacha, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni maoni ya mtu aliyezisoma, si ya mtu aliyesimuliwa.

Wapo ndugu zetu wanaosema hadithi zote za kutisha zipigwe marufuku, kwamba ni uzushi na ni kupoteza wakati. Kwa heshima zote, siko pamoja nao. Hofu ni katika njia ambazo Qur'an yenyewe imezitumia kuziamsha nyoyo zilizolala. Nani amesoma katika Surat Al-Haaqqah namna kaumu ya 'Ad ilivyomalizwa na upepo, wakabaki wamelala chini kama magogo ya mitende, asitetemeke? Na Imam Muslim amepokea kutoka kwa Fatima bint Qays (RA) hadithi ndefu, kwamba Mtume (SAW) aliwazuia watu msikitini baada ya swala akawahadithia aliyoyasikia kwa Tamim ad-Dari: mabaharia waliochezewa na mawimbi mwezi mzima, wakatua kisiwani, wakapokewa na mnyama mwenye manyoya mengi hata hawakutambua mbele yake ni wapi na nyuma ni wapi, kisha wakaelekezwa kwenye jengo walimokuta mtu wa umbo kubwa mno amefungwa kwa minyororo. Masahaba walikaa wakasikiliza. Najua atakuwepo wa kusema: hiyo ni habari ya kweli, hizi ni za kubuni. Sawa. Lakini mradi mwandishi hadai kuwa ni tukio, na msomaji anajua kuwa anasoma hadithi, sioni aliyedanganywa hapo. Wallahu a'lam.

Swali ninaloliuliza mimi kwa kila riwaya ya aina hii ni jingine kabisa. Nani anafumbua fumbo, na analifumbua kwa kutumia nini?

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilipata nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka 1957-58, kikachapishwa mwaka 1960. Jina lenyewe linatisha. Mtu amekutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa, na wengi wameshatoa hukumu mioyoni mwao kwamba ni kazi ya wasioonekana. Anakuja Bwana Msa na kiko chake. Anauliza. Anapima maneno ya huyu na ya yule, anatazama nani alikuwa wapi na nani anafaidika, na mwisho anaonyesha kuwa mkono ulioua ni mkono wa binadamu. Miaka michache baadaye mwandishi huyo huyo akatuletea Kisima cha Giningi, na kila aliyekulia visiwani anajua Giningi katika masimulizi ni makao ya nani. Huko nako Bwana Msa alikwenda na maswali yake yale yale.

Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, wote hao, pamoja na mambo yao mengine ambayo siwezi kuyatetea mbele ya Mwislamu (pombe na wanawake havikuwa haba), walishika kanuni hiyo. Jambo halijulikani mpaka lipatikane la kulithibitisha. Hata leo wapo wanaokwenda mkondo huo. Hussein Tuwa, aliyeandika Mkimbizi, ni mmoja wao, na msomaji wake anakosa usingizi bila kuhitaji jini.

Wala sisemi kuwa mfu akifufuka katika kitabu basi kitabu kimeharibika. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) amemtoa babu kaburini akamchukua mjukuu wake mkubwa wa cheo kumwonyesha taabu za watu. Lakini msomaji akifunga kitabu kile hatoki kwenda kumtazama vibaya bibi jirani. Anayeshitakiwa mle ni mwenye madaraka, na kosa lake linaonekana kwa macho.

Sasa njoo kwenye nyingi ya hadithi za kutisha za miaka hii. Sitataja majina, kwani nia yangu si kumvunjia mtu soko. Zinafanana sana. Kijana anaumwa, hospitali wameshindwa. Au biashara imeanguka, au watoto wanakufa mmoja mmoja. Familia inasafiri usiku kwenda kwa mganga. Mganga anawapokea kwa kuwatajia majina yao kabla hawajasema, anafukiza ubani, anapiga bao, anawasha mshumaa mbele ya kioo. Na ndani ya kioo, ndugu yangu, anaonekana mbaya wao: shangazi, mama mkwe, bibi mzaa baba, mke mwenza. Sura inayofuata inathibitisha kuwa mganga amesema kweli. Katika hadithi hizi mganga hakosei. Daktari hukosea, polisi hukosea, imamu na padri huja wakaondoka wamefedheheka, ila kioo hakikosei.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Hatukatai kuwepo kwa uchawi wala majini. Mwenye kukataa aisome Al-Baqarah aya ya 102, na aisome mpaka mwisho, mahali inapobainishwa kwamba hawamdhuru yeyote kwa uchawi huo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Tunachokikataa ni kumpa mpiga ramli elimu ya ghaibu. Katika Surat Saba aya ya 14 tunafundishwa kuwa Nabii Sulaiman (AS) alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu hawana habari, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo na yeye akaanguka. Kiumbe asiyejua kuwa bwana wake aliye mbele yake amekwisha kufa, ndiye atakayemjulisha mganga nani kamroga mtoto wa mtu Shinyanga?

Na Mtume (SAW) alipoulizwa mbona makuhani wakati mwingine husema jambo likawa, alijibu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba neno hilo moja la kweli jini amelinyakua, akalitia sikioni mwa rafiki yake, nao wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Lizingatie jibu hilo unaposoma riwaya. Mwandishi amelichukua neno moja lile akaliandika, na ule uongo mia ameutupa. Angeandika hata kumi tu katika mia, angalau msomaji angeonywa.

Atakuwepo wa kuniambia: wewe unaigeuza burudani kuwa kesi. Naam, maana imekwisha kuwa kesi. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakalala nje makundi makundi kwa hofu, na Unguja mtu mmoja mwenye matatizo ya akili akauawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga miaka nenda rudi kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu ambao chanzo chake ni moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe mahali kuni zilipokwisha. Kuanzia mwaka 2007 dunia ikasikia habari za ndugu zetu wenye ualbino wanaowindwa kwa viungo vyao. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 serikali ikatangaza tena kupiga marufuku wapiga ramli. Nyuma ya matukio hayo ya mapanga mara nyingi alikuwepo mtu aliyekaa mbele ya kioo akataja jina, au akaagiza kiungo. Sisemi riwaya ndiyo iliyoshika panga. Nasema kijana aliyesoma hadithi hamsini ambazo kioo hakikukosea hata mara moja, siku akiambiwa na mganga kuwa bibi yake ndiye, atatoa wapi shaka? Na shaka hiyo ndiyo roho ya yule bibi.

Lipo na jingine linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Majini ya hadithi hizi yana majina ya mama zetu na dada zetu. Mganga amevaa kanzu na kofia, mbele yake kitabu cha Kiarabu, anatoka Tanga au Bagamoyo au Pemba, anaitwa shehe au sharifu. Filamu za miaka ya 2000 nazo zilipita njia hiyo hiyo. Tunalalamika, na tuna haki. Lakini tuseme ukweli, mwandishi hakuiokota sura hiyo hewani. Mitaani mwetu wapo wanaotundika vibao vya kutazamia nyota, wanaouza hirizi, wanaomwambia mwanamke aliyeachwa kuwa wamemwona aliyemfanyia. Baadhi yao tunaswali nao safu moja. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini; hiyo ni hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, na sijui mara ngapi kwa mwaka inatajwa katika khutba zetu. Tukiwanyamazia hao, hatutakuwa na uso wa kumlaumu mwandishi wa hadithi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kisa kizuri cha upelelezi tunacho ndani ya Msahafu na hatukitumii. Surat Yusuf imeitwa na Allah (SW) mwenyewe kisa kizuri kabisa. Angalia kanzu ya Nabii Yusuf (AS) inavyofanya kazi. Mara ya kwanza inaletwa kwa baba ikiwa na damu ya uongo, na wafasiri wanaeleza kuwa mzee hakudanganyika, maana mbwa mwitu gani huyo anayemla mtoto asiichane kanzu yake? Mara ya pili imechanika, mwanamke anashitaki, na shahidi wa jamaa zake anasema itazamwe imechanika wapi: mbele au nyuma. Ikatazamwe. Imechanika nyuma. Kesi imekwisha. Hakuna aliyekwenda kupiga bao Misri, nchi ambayo wachawi walikuwa wengi.

Na Bibi Aisha (RA) aliposingiziwa Madina, Mtume (SAW) alikaa karibu mwezi mzima katika dhiki, akishauriana na Ali na Usama (RA), akimuuliza Barira mtumishi wa nyumba, mpaka wahyi ukateremka. Yeye ndiye Mtume, na jambo ni la nyumbani kwake, hakusema ila alilofunuliwa. Mganga wa riwaya analipata jibu kabla chai haijapoa.

Basi ombi langu ni kwa waandishi Waislamu, na najua mpo, baadhi yenu mkiandika kwa majina ya kalamu. Andikeni ya kutisha. Wekeni usiku, makaburi, mbwa wanaobweka, kila mnachokitaka. Kijijini kuna bikizee wa miaka 70 mwenye macho mekundu na shamba la ekari nne lililo kando ya maji. Mtoto wa jirani amefariki, mganga ameitwa, kioo kimemtaja bibi. Hapo ndipo hadithi ianzie. Mjukuu wake aulize nani alimlipa mganga nauli, nani alizungumza naye siku moja kabla, na bibi akiondoka shamba linakwenda kwa nani.

Wachapishaji wataniambia hadithi ya namna hiyo hainunuliwi. Mzimu wa Watu wa Kale umepita miaka 60 na bado unasomwa.

Wabillahi tawfiq.