Tezi Iliyooza

Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa na Unguja tunajuana. Kukaa Toronto kando ya ziwa kubwa namna hii bila chombo ni mateso. Basi mwezi wa Mei uliopita familia tatu tulichanga, tukaenda Scarborough, si mbali na Bluffer's Park, kutazama boti ya faiba ya futi 19, ya mwaka 1988. Bei dola 4,500.

Ilimeta kama sahani ya harusi. Mwenyewe akatuambia jambo la kweli: boti za huku hazijaonja chumvi, ndiyo maana injini zake hudumu kuliko za pwani kwetu. Habari za baridi hakuzitaja, maji yanavyosahaulika ndani ya injini, yakaganda, yakapasua chuma.

Tulikuwa na mzee wetu, fundi mashine wa zamani wa Tanga. Usukani hakuugusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tezi, nyuma pale panapofungwa injini, akatoa bisibisi na kuanza kugonga kwa mpini. Boti nyingi za faiba za miaka ile zina mbao ndani yake. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri latosha kuingiza maji, na mbao zikaoza gizani huku ngozi ya nje inang'aa. Pembeni mlio ulikuwa mkavu, ko ko ko. Chini ya injini ukawa kama anagonga godoro. Akaishika injini akaitikisa. Tezi nzima ikacheza.

"Wanangu," akasema polepole, "hii imeshakufa."

Hapo ndipo tulipojiona tulivyo. Mmoja wetu akasema si tutakuwa tunakwenda karibu karibu tu, visiwani na kurudi? Mwingine akasema kwa bei hii utapata nini kisicho na kasoro? Hakuna aliyetilia shaka masikio ya mzee. Tulikuwa tunatafuta njia ya kutosikia.

Tulipokuwa bado tunabishana, mtu akaitaja MV Skagit. Kivuko kile kilijengwa Marekani mwaka 1989, kikafanya kazi miaka mingi kwenye maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, kikauzwa mwaka 2011 na kupelekwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, kikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka. Hatusemi kilinunuliwa kibovu; huko kwao kilikuwa chombo cha heshima. Tunachosema ni kwamba waliokufa si wao waliokwenda kukikagua. Walikata tiketi wakiamini kuna aliyeangalia kwa niaba yao.

Na watoto wetu wangepanda boti ile kwa imani hiyo hiyo, juu ya Ziwa Ontario ambalo mwezi wa Mei maji yake bado yako chini ya nyuzi 10. Tangu mwaka 2009 Kanada inamtaka kila anayeendesha boti ya injini awe na kadi; na boti yenye nguvu farasi 10 au zaidi lazima iwe na namba. Sawa, lakini hakuna karatasi hata moja kati ya hizo inayogonga tezi.

Tukashukuru, tukaondoka. Getini tukapishana na kijana mmoja na mkewe, na mtoto begani.

Ndani ya gari kimya. Sheria ya huku, katika mauzo ya mtu kwa mtu, humwachia mnunuzi afumbue macho yake mwenyewe. Na kumharibia mtu biashara mlangoni kwake si adabu, hata kwetu. Tulifika mpaka kwenye taa za Kingston Road. Mzee akasema, "Rudini, nimesahau kitu."

Hakuwa amesahau chochote. Alimsalimu mwenye boti kwanza, akamweleza yeye kile alichokisikia, kijana akiwa hapo hapo. Kisha akampa kijana bisibisi agonge mwenyewe.

Mwenye boti alisimama, mikono mfukoni, asiseme neno. Mpaka leo hatujakubaliana kama alikuwa akijua. Fedha zetu bado ziko kwa mweka hazina, na mmoja wetu angali anashikilia kwamba kule kurudi hakukutuhusu.