Amana ya Sura

Je, anayehifadhi picha za mji wake ni mwenye mali au mwekewa amana? Swali hili huzuka kila zifunguliwapo postikadi za kale za Unguja tulizoachiwa na wazee wetu: Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, treni ya Bububu, iliyoanza safari zake mwaka 1905, na wanawake wa mjini, katika kadi za studio ya A. C. Gomes.

Mwenye mali aweza kuficha, kuuza, hata kuchoma. Lakini tazama maandishi yaliyochapwa kadini. Jumba limetajwa kwa jina lake. Mwanamke ameitwa "mrembo wa Kiswahili" tu, kana kwamba hakuwa binti wa mtu.

Yupo atakayesema kuwa kutotajwa ni sitara. Naam, sitara ni jambo jema, ila huchaguliwa na mwenyewe. Sura imekwisha kuuzwa kwa wapita njia. Kilichofichwa ni utu wake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Picha zitawaongoza mafundi watakaoijenga upya. Nani atamwongoza amtafutaye yule asiye na jina?

Basi kuzikinga kadi na jua, unyevu na mchwa ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kuwauliza wazee walichosikia kwa wazee wao, tukaandika kwa penseli nyuma ya kadi: huyu ni fulani binti fulani. Amana hurudishwa kwa mwenyewe. Asiyeweza kurudishiwa sura yake, na arudishiwe jina.