Mtindi na Haki ya Sinia

Yafaa tujiulize neno moja: kugawa sawasawa, je, ndiko kugawa kwa haki?

Nauliza kwa ajili ya binti zetu wa pwani hii, toka Bunju hata Bagamoyo na Msata. Binti wa miaka kumi na mitano achotapo maji ahema. Aketipo darasani asinzia. Ainukapo aona giza. Pengine hutamani kula udongo. Nasi twamwita mvivu. Tunalo neno la kale, safura, kwa mtu aliyepungukiwa damu kwa sababu ya minyoo, na mwenye safura huhurumiwa. Lakini binti aliyekosa madini ya chuma, kwa kuwa akua upesi na kila mwezi hutokwa na damu, huyo twamhesabia kosa. Wala si jambo la wachache. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hata 49, wapatao 42 walikuwa na upungufu wa damu, ingawa si wote kwa kukosa chuma.

Mama hujibu, “Mimi simnyimi mwanangu; kila siku humnunulia mtindi kwa Wamasai.” Jibu hilo ni la upendo, wala simlaumu. Mtindi ni chakula chema. Hujenga mifupa, na matumbo mengi huupokea kwa urahisi kuliko maziwa yasiyoganda. Ila kikombe kizima cha maziwa hakina hata sehemu moja ya kumi ya miligramu ya chuma, na kuyagandisha hakuyaongezei kitu. Tena kalsiamu iliyomo, ikiliwa pamoja na kunde au mchicha, huzuia chuma kisiingie mwilini vema. (Uchachu wa togwa ni habari nyingine: huo husaidia kufungua chuma kilichofungwa katika nafaka.)

Sasa tulitazame sinia. Minofu ya samaki humwendea baba, kisha mvulana, kwa kuwa atavuta nyavu. Binti aliyepika hupata mchuzi. Kumbe wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba mvulana wa miaka 14 hata 18 ahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, na msichana wa umri huo 15. Wengine watasema, “Nyumbani kwangu wote hupata vipande sawasawa.” Ni afadhali, naam, lakini bado. Ukizitia taa mbili mafuta sawasawa, na moja ina utambi mpana, hiyo ndiyo itakayozimika kwanza, wala hapana mtu aiitaye mvivu.

Najua maini ni ghali, na nyumba nyingi hazina cha kuchagua. Lakini mahali penye dagaa, binti apakuliwe kwanza, tena apakuliwe vema. Limau likikamuliwa juu ya kunde husaidia chuma kuingia mwilini. Chai nayo ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Mtindi usiondolewe, unywewe wakati wake, mbali na chakula chenye chuma. Na binti azidiye kuchoka apelekwe zahanati, apimwe damu, minyoo na malaria, kabla baba yake hajampa jina lo lote.