Rangi ya Besi na Dhahabu ya Ndani

Andiko: Kutoka 25:10-11; Kutoka 36:5-7; Marko 14:3-9



Wengi wenu mnajua kwamba besi yetu ya zamani imechoka. Mmeisikia ikikoroma katikati ya maombi, na mmemwona ndugu yetu akiinama kugongagonga pale waya unapoingia. Mkatoa, Mungu awabariki, na shilingi 53,200 zikapatikana. Nilidhani kazi iliyobaki ni ya nusu saa: kwenda dukani, kulipa, kuchukua risiti. Kumbe bado rangi.

Gitaa tulilochagua lilikuwa shilingi 45,000 likiwa jeusi, au likiwa na ile rangi ya machweo: kahawia nzito pembeni, inafifia polepole mpaka inakuwa manjano katikati. Gitaa hilo hilo likiwa la rangi ya dhahabu yenye chembe zinazometameta, bei ilikuwa 52,000. Nyuzi ni zile zile. Sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi ni zile zile. Ukifumba macho huwezi kujua lipi ni lipi. Na jambo hili si geni. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa besi yake ya Precision mwaka 1951, na miaka michache baadaye ikawa inawatoza asilimia 5 zaidi wanunuzi waliotaka rangi ya pekee. Nyingi za rangi hizo zilikuwa rangi za magari.

Basi kamati ikagawanyika. Vijana walitaka dhahabu: ibada inarushwa mtandaoni, madhabahu ipendeze. Mzee mmoja akasema nyeusi, kwa sababu gitaa la kumetameta ni la kilabu. Mimi, acha nikiri, nilikuwa upande wa dhahabu. Na kwa kuwa nilisomea biashara, nikatoa simu nikapiga hesabu. Tukilitumia miaka 10, hizo ni Jumapili 520. Ile tofauti ya 7,000 ukiigawa, ni kama shilingi 13 na nusu kila Jumapili. Nikawaambia, "Wazee, hiyo hata chai hupati." Watu wakacheka. Nikajua nimeshinda.

Hapo mweka hazina akafungua daftari la michango na kulisukuma mbele yangu, bila kusema neno. Mstari mmoja ulikuwa wa mama anayeuza sukuma wiki: shilingi 200. Nikapiga hesabu ya pili, safari hii kimya kimya. Elfu saba ni akina mama 35 kama yeye, kila mmoja ametoa alichotoa.

Wapendwa, hesabu zote mbili ni sahihi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ukitaka kukitetea kitu, utakigawa kwa miaka. Ukitaka kukishtaki, utakigawa kwa maskini. Hesabu ni mtumishi mzuri, lakini huenda popote unapoituma. Swali lenyewe lilikuwa bado liko mezani: je, ni halali kutumia sadaka kwa kitu ambacho faida yake ni kupendeza tu?

Tusijibu haraka kwamba si halali. Mungu mwenyewe alipoagiza hema ya kukutania alitaja rangi: buluu, zambarau, nyekundu. Mavazi ya Haruni aliyataka yawe ya utukufu na ya uzuri (Kutoka 28:2). Alimjaza Bezaleli Roho wake, na kazi aliyompa ilikuwa ya ufundi: dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao (Kutoka 31:1-5). Kwa hiyo anayesema kwamba Mungu hajali rangi, asome tena. Tena mtu anaweza kuchagua nyeusi ili watu waseme, "Ona kanisa lile lilivyo nyenyekevu." Hayo nayo ni majivuno, yamevaa suti ya msiba tu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili pia. Kila mara bajeti ya kanisa inapopanda, kuna mtu atakayetukumbusha yule mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu juu ya kichwa cha Yesu. Ni kweli, Yesu alimtetea. Lakini marhamu yale yalikuwa yake mwenyewe. Hakupitisha kikapu kwanza. Mimi nilikuwa tayari kuvunja chupa ya mama wa sukuma wiki na kupokea sifa za harufu yake.

Nikaamua kumuuliza mwenyewe. Nilitarajia aseme tununue ya bei rahisi, nipate mfano mzuri wa mahubiri. Akaniambia, "Pasta, kwangu hakuna kitu kinachong'aa, hata sufuria. Nikija hapa nataka kuona kitu kizuri." Nilinyamaza. Nilikuwa nimemfanya awe hoja yangu, na yeye ni mtu. Tunapenda kusema maskini wanahitaji unga, wala si uzuri. Nani alituambia? Macho ya maskini nayo yana njaa.

Jibu likaanza kuja kutoka mahali ambapo sikutarajia. Katika ubishi wetu wote, hakuna aliyemuuliza mpiga besi. Nilipomuuliza, alisema rangi yoyote ni sawa, kwa sababu akipiga hatazami gitaa, anamtazama mpiga ngoma. Ila aliomba kitu kimoja. Nyuma ya shingo ya gitaa, pale kiganja kinapopanda na kushuka, palikuwa pamepakwa vanishi nzito ya kung'aa. Mkono ukitoa jasho unakwama kama umeshika asali. "Pasta, kama inawezekana, hapo pasiwe na mng'ao."

Hiyo ndiyo sehemu ya gitaa ambayo hakuna mshirika atakayeiona hata siku moja, wala kamera haiifikii. Na kumbe ndipo upakaji ulipokuwa na maana kuliko kwingine kote. Maana hata hiyo vanishi haikuwekwa kwa urembo tu. Mbao tupu hunywa jasho na unyevu. Ikinywa huvimba, ikikauka hurudi, na shingo inaweza kupinda. Ndiyo maana hupakwa. Kwanza ni kulinda mbao na kumfaa anayeishika, kupendeza kunafuata.

Nikakumbuka sanduku la agano. Mungu aliagiza litengenezwe kwa mti wa mshita na lifunikwe dhahabu safi, ndani na nje (Kutoka 25:11). Ya nje tunaielewa. Ya ndani ni ya nani? Kifuniko kikishawekwa, nani ataiona? Mungu peke yake. Hapo ndipo ninapoona kipimo chetu. Uzuri wa nyumba ya Mungu si dhambi, lakini una utaratibu: ndani kwanza, ndipo nje. Upande unaohudumia utangulie upande unaoonekana. Ukiona kanisa linalometa jukwaani huku anayehudumu anateseka mkono, au mlinzi hajalipwa, ujue dhahabu imepakwa upande mmoja tu.

Basi tukafanya hivi. Tumenunua gitaa la rangi ya machweo kwa 45,000. Halikuongezwa hata shilingi, na linang'aa. Machweo Mungu huyatandaza kila jioni bila kutoza mtu, na mama yetu atakuwa na kitu kizuri cha kutazama. Fundi amepunguza mng'ao nyuma ya shingo kwa msasa laini na kuacha vanishi ya kutosha kulinda mbao, kwa shilingi 500. Zimebaki 7,700. Mnakumbuka watu walivyoleta vitu vya hema mpaka Musa akatangaza wasilete tena, kwa kuwa vilivyokuwapo vilitosha na kuzidi? Kuna wakati kiongozi anapaswa kusema imetosha. Pesa hizo zitasomwa mbele yenu Jumapili ijayo, nanyi ndio mtakaosema ziende wapi.

Sasa turudi nyumbani kwako. Labda wewe hununui besi. Unachagua makochi, suti ya harusi, geti jipya, rangi ya nyumba. Kabla hujalipa jiulize mambo matatu. Chupa hii ninayovunja ni yangu, au ni ya mwingine? Anayetumia kitu hiki kila siku nimemuuliza, au nimewauliza watazamaji tu? Na ndani, pale asipoona mtu, nimepaka nini?

Tuombe: Baba, asante kwa macho yanayopenda uzuri. Utusamehe pale tulipopaka nje tukasahau ndani. Tupe hekima ya kutumia vyako na ujasiri wa kusema imetosha. Katika jina la Yesu, Amina.