Hodi kwa watu wa jana

Richard Collier anatia mkono mfukoni na kutoa sarafu ya senti moja. Yuko mwaka 1912, chumbani hotelini, na mbele yake ameketi mwanamke aliyemfuata karibu miaka 70 kurudi nyuma. Kwenye sarafu imeandikwa 1979. Kuiona tu kunatosha. Chumba kinamponyoka, sauti ya mwanamke inamwita kwa mbali, naye anajikuta amerudi kwenye wakati wake alioukimbia.

Filamu hiyo ni Somewhere in Time ya 1980, iliyotokana na Bid Time Return, riwaya ya Richard Matheson ya 1975. Kitabuni hoteli iko California na mwaka wenyewe ni 1896. Watengenezaji wa filamu waliihamishia kisiwa cha Mackinac, Michigan, ambako magari yamepigwa marufuku tangu mwisho wa karne ya 19 na watu huenda kwa farasi. Mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa kwa nini walipachagua. Mahali ambapo mnyama bado anabeba mizigo ya watu, nusu ya kazi ya kuijenga jana imeshafanyika.

Nilipoiona mara ya kwanza wenzangu walifuta machozi, nami nikacheka. Sarafu ile nilikuwa naijua. Niliisikia chuoni, juu ya mkeka, mwalimu alipotusimulia watu wa pangoni: vijana waliokimbia na imani yao, wakalala miaka 309, wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Njaa ikawauma, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao akatafute chakula kilicho safi. Wasimulizi wakatia chumvi yao hapo: muuza chakula akaigeuzageuza ile fedha kiganjani, akauliza, umeitoa wapi hii? Mfalme aliyechorwa juu yake alikwisha kuwa udongo.

Watoto tulipenda swali la muuzaji. Ukubwani nimebaki na wasia aliopewa yule kijana kabla ya kutoka pangoni, kwamba aende kwa upole, asimjulishe mtu yeyote habari zao. Mbele yake kulikuwa na karne tatu asizozijua, naye akaagwa kama mtoto anayepelekwa nyumba ya watu.

Tangu hapo riwaya za safari za wakati nazisoma nikitazama mlango. Je, huyu anapiga hodi? Wengi hawapigi. Wanaingia jana ya watu wakiwa wameshika nyundo na msumeno, wana kitu cha kurekebisha.

Msafiri wa H. G. Wells hakuwa hivyo. Katika The Time Machine ya 1895 anakwenda hadi mwaka 802,701 kwa sababu moja tu, anataka kuona. Hajafiwa na mtu wala hana kosa la kufuta. Huko anakosea mengi, ana haraka ya kuhukumu, lakini anarudi na maua mawili meupe mfukoni, aliyotiwa na Weena, kiumbe mdogo ambaye yeye msafiri alimwokoa mtoni. Anapoondoka tena anachukua kamera ndogo na mkoba. Harudi.

Sasa tazama filamu ya 2002, iliyoongozwa na Simon Wells, kitukuu cha mwandishi mwenyewe. Msafiri amepewa mchumba, Emma, anayeuawa na mwizi. Anaunda mtambo ili amrudie, anamkuta hai, na mchumba anakufa tena usiku uleule kwa njia nyingine. Baadaye anaambiwa kwamba Emma angeishi, mtambo usingeundwa, hivyo mtambo hauwezi kumwokoa. Nakiri fumbo hilo lilinichoma. Na naelewa kwa nini liliwekwa: udadisi haupigiki picha kwa urahisi, huzuni ina uso. Ila gharama yake ni kwamba jana inageuka gereji. Tunaipelekea tu kilichoharibika.

Ninayoipenda mimi ni ile ya George Pal, ya 1960, ingawa Morlock wake, wale viumbe wa chini ya ardhi wenye ngozi ya buluu, wanachekesha. Msafiri amekaa kwenye kiti chake chekundu, nyuma yake sahani kubwa inazunguka, na ng'ambo ya barabara kuna dirisha la duka la nguo lenye sanamu ya kike. Miaka inapita kwa kasi, sanamu haizeeki, nguo zake ndizo zinazobadilika na pindo kupanda. Yeye anatazama tu na kutabasamu, kama mzee wa barazani anayehesabu wapita njia. Filamu ilipata Oscar kwa hila zake za picha. Kwangu dakika hizo zinatosha.

Ningeishia hapo na nadharia yangu ya hodi, lau si Octavia Butler. Katika Kindred, ya 1979, Dana, mwanamke mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa kila mara mtoto mmoja wa kizungu, Rufus, anapokaribia kufa. Hana mtambo, na hakuomba kwenda. Rufus ni babu yake wa mbali. Atakua awe bwana wa watumwa, atamlazimisha mwanamke aitwaye Alice, na kutokana na hilo ukoo wa Dana utapatikana. Basi Dana amwokoe, amwokoe tena, ili yeye mwenyewe aje kuzaliwa. Hapo hodi ya nini, na nyundo ya nini? Safari ya mwisho inamrudisha bila mkono wa kushoto. Tamthilia ya televisheni ya 2022 ilimweka Dana mwaka 2016 na kumpa mama ambaye alidhani amekufa, kumbe yu hai huko nyuma. Tena mtu wa kuokolewa! Ilikatizwa baada ya msimu mmoja. Butler hakumpa Dana mama wa kumfuata, alimwacha na nasaba yake tu.

Pwani yetu kitabu hiki hakisomwi kama habari za Marekani. Zipo nyumba ambazo, ukifuatilia ukoo vizazi vichache, utamkuta bwana na suria wake chini ya paa moja, na wajukuu wao wote wanaitana ndugu. Hilo halisemwi arusini. Bibi yangu hakupenda kuulizwa mama yake alitoka wapi. Alikuwa anavuta mbuzi, anakuna nazi kwa nguvu zaidi, na sisi tunaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Ningepewa safari moja ningekwenda jikoni kwake, kabla mimi sijazaliwa. Ningekagua mifuko kwanza, simu nje, sarafu zote nje. Ningesimama uani na kupiga hodi, mara tatu kama ada. Angeinua kichwa bila kuacha kukuna, anitazame usoni, aulize kama alivyokuwa akimuuliza kila mgeni: mwana wa nani wewe?