Je, Aliyeombewa Aache Dawa?

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 20:1–7, Mathayo 4:5–7, Luka 17:11–19, 1 Samweli 16:14–23, 18:10, 11, 2 Wakorintho 12:7–10.

Fungu la kukariri: 3 Yohana 1:2.

Ikonda, wilayani Makete, iko kwenye milima yenye baridi, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo wagonjwa huifuata hospitali ya Consolata iliyopo hapo, inayoendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, kutoka Njombe, Makambako na mbali zaidi. Wengi wao wameombewa nyumbani kabla ya safari, nao wataomba tena wodini. Hakuna anayeona ajabu kwamba maombi na matibabu vimesafiri pamoja.

Swali gumu huja baadaye, mgonjwa akisharudi nyumbani. Mtu aliyeombewa, akahisi nafuu, aendelee kumeza dawa? Je, kila kidonge anachomeza kinamwambia Mungu kwamba hakumwamini?

Mkoani Njombe swali hili si la nadharia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Katika makusanyiko mengi, mwenye swali hili ameketi kwenye benchi, naye anasubiri kusikia kanisa litasema nini.

JUMAPILI: Maombi na Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu aliahidi nini? Isaya naye aliagiza nini?

Hezekia alikuwa anakufa. Aliomba kwa machozi, na Isaya hajafika mbali, jibu likaja: mfalme atapona, naye ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa wazi kabisa. Hata hivyo nabii yuleyule aliyeileta aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini zile ni dalili ya kuishuku ahadi. Aliyeahidi uponyaji ndiye aliyeuumba mtini. Vivyo hivyo Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, hakuona aibu kuwa na tabibu Luka karibu naye (Wakolosai 4:14).

JUMATATU: Kikombe cha Samunge

Mwanzoni mwa mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, kilijulikana Afrika Mashariki nzima. Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya magonjwa sugu, ukiwemo UKIMWI. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi, na wengine walifariki wakiwa bado njiani.

Ni rahisi leo kuwacheka waliokwenda, lakini haifai. Walikuwemo wasomi na viongozi. Mtu anayemeza vidonge kila siku kwa siri, akihofia jirani asimwone kliniki, hutamani sana kikombe kimoja kitakachomaliza yote. Kutumaini hakukuwa kosa. Hatari ilianza pale baadhi yao walipoacha dawa zao kwa sababu wamekunywa na kuamini. Hakuna uthibitisho wa kitabibu uliopatikana kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI.

Masapila alifariki mwaka 2021, lakini jambo lenyewe halikwisha. Hata pasipo kikombe, mkutano wa maombi waweza kumwambia mgonjwa: umepona, amini, tupa dawa.

Soma Mathayo 4:5–7. Kujitupa kutoka kinara cha hekalu kungeonekana kuwa imani kubwa kuliko zote, tena Shetani alikuwa na fungu la Maandiko la kuunga mkono. Kwa nini Yesu alikataa? Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu?

JUMANNE: Imani Isiyoogopa Kipimo

Soma Luka 17:11–14 pamoja na Walawi 14:1–3. Kwa nini Yesu aliwatuma wenye ukoma kwa makuhani?

Chini ya sheria, makuhani ndio waliokagua na kutamka kwamba mtu ametakasika. Uponyaji wa Kristo haukukimbia ukaguzi. Yeye mwenyewe aliwatuma wakakaguliwe.

Hapa maarifa kidogo ya sayansi yaweza kuokoa maisha. VVU huingia katika seli za kinga ya mwili na kujizalisha humo. Dawa za kufubaza virusi (ARV) huzuia kuzaliana huko. Mgonjwa akizitumia vizuri, kinga yake hupanda, na virusi hupungua hadi kipimo hakivioni tena. Akidumu katika hali hiyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwa sauti kuu.

Lakini virusi vingine vimelala ndani ya seli, mahali ambapo dawa haiviui. Dawa ikiachwa, kwa kawaida huamka baada ya majuma machache. Kuacha na kuanza tena kunaweza pia kuleta usugu wa dawa.

Basi fikiria mama aliyetoka kliniki na majibu kwamba virusi havionekani. Anafurahi na kumweleza mzee wa kanisa, naye kwa furaha hiyohiyo anatangaza kwamba dada yetu amepona. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Hata hivyo mama huyo aweza kurudi nyumbani, akaacha dawa, akafa. Kutoonekana si kutokuwepo.

Je, basi Mungu hawezi kuponya UKIMWI? Anaweza. Ndiyo maana hakuna haja ya haraka. Kama Mungu ameponya kweli, kidonge kilichomezwa wakati madaktari wanachunguza hakiwezi kuufuta muujiza wake. Kama bado hajaponya, kidonge kilichoachwa chaweza kugharimu uhai.

JUMATANO: Kinubi cha Daudi

Soma 1 Samweli 16:14–23 na 18:10, 11. Muziki ulimfanyia Sauli nini? Haukumfanyia nini?

Daudi alipopiga kinubi, Sauli alipata nafuu ya kweli. Wimbo hutuliza hofu na kumkumbusha mgonjwa kwamba hayuko peke yake. Wanakwaya wanaofika nyumbani kwa aliyelala kitandani, wakaimba kwa sauti ya chini, wamefanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya.

Lakini Sauli huyohuyo, kinubi kikipigwa, alitupa mkuki. Nafuu ilikuwapo, uponyaji haukuwapo. Nyimbo zinapopanda na watu wakilia, maumivu yaweza kusahaulika kwa saa nzima. Hisia hiyo ni halali, ila si kipimo. Kuitumia kumsukuma mgonjwa atoe ushuhuda wa kupona ni kumdhulumu.

ALHAMISI: Mwiba Uliobaki

Soma 2 Wakorintho 12:7–10. Paulo aliomba mara tatu, na mwiba ukabaki. Alipewa neema ya kuishi nao.

Yako maswali mawili ambayo kila anayewaombea wagonjwa anapaswa kujiuliza. La kwanza: kama nimekosea, nani atalipa? Anayesema “acha dawa” hulala salama usiku ule. Gharama ni ya mgonjwa na watoto wake. La pili: je, tunawapa nafasi ya ushuhuda waliopona tu? Mtu anayeamka kila siku, akashukuru, akameza dawa yake na kwenda shambani, naye ana ushuhuda. Miaka 10 ya kidonge cha kila siku ni miaka 10 ya kupokea uhai kutoka kwa Mungu siku kwa siku, kama mana.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen White alifundisha kwamba wanaotafuta uponyaji kwa maombi wasipuuze tiba zilizo ndani ya uwezo wao, na kwamba kuzitumia si kuikana imani. Linganisha fundisho hilo na kisa cha Hezekia.

Maswali ya kujadili

1. Mshiriki anakuambia faraghani kwamba ameacha ARV baada ya kuombewa. Utamwambia nini bila kumwaibisha wala kuidharau imani yake?

2. Kanisa lenu lifanye nini kabla ya kutangaza kwamba mtu ameponywa? Nani ana haki ya kusema habari za ugonjwa wake?

3. Kama mwanakwaya akijulikana kuwa anaishi na VVU, je, nafasi yake kwenye kwaya itabaki ileile? Jibu lenu linaonyesha nini kuhusu sababu zinazowafanya wagonjwa kutamani kikombe kimoja kitakachomaliza yote?