Ni Nani Aliyeua?

Zamani, katika milima ya Usambara, wafalme wa Kikilindi waliokaa Vuga walidhaniwa kuwa na nguvu juu ya mvua. Isiponyesha, raia walisema, "Mfalme ameiharibu nchi." Je, ndugu yangu, alitenda nini? Alikasirika, na mbingu zikakauka. Mambo mawili yaliandamana, wala hapana aliyeonyesha jinsi la kwanza lilivyolizaa la pili.

Kanuni ya Adhabu, iliyowekwa Tanganyika mwaka 1930 kwa kufuata sheria ya Kiingereza, hairidhiki na dhana hiyo. Hata leo, mtu wa Lushoto akishtakiwa kuua, hakimu huuliza: Ametenda nini, au ameacha wajibu gani? Na hilo ndilo lililoleta mauti? Chuki ya moyoni peke yake si kuua.

Lakini sheria hiyo haimwachi mwenye hila. Si lazima kitendo kiwe sababu ya pekee wala ya mwisho. Amharakishaye mgonjwa kufa ameua, ingawa maradhi yangemmaliza. Wanachuoni wetu nao wamempambanua mchimba shimo njiani na yule amsukumaye mtu humo: msukumaji ndiye muuaji.

Basi tujihadhari tunaposema, "Kikongwe yule ndiye aliyemwua mtoto," kwa kuwa jana alinuna. Kitendo chake hatukijui. Chetu twakijua, nacho ni neno hilo. Watu wakilisikia, wakaenda wakampiga akafa, tutajibu nini mbele ya Mola wetu?